Unapiga Ndege?

Mlinzi wa msitu aliniuliza getini,
siku ya kwanza, kabla hatujazoeana:
"Unapiga ndege?"
Nikasema napiga picha.
Akautazama mtutu wa lenzi yangu, mrefu kama mchi,
akaandika daftarini: Singano, Muheza, kupiga.
Hapo mstari ukamwishia.

Jumatatu hadi Jumamosi nina studio nyuma ya stendi.
Pazia la buluu, kigoda, kioo, kitana cha wote.
Inua kidevu. Shusha bega. Usicheke.
Watu hunitii kwa kuwa wanataka pasi, kitambulisho, kazi.
Nawakatia sura zao nne nne kwa mkasi,
nao huondoka wakizipepea,
ingawa siku hizi picha hutoka zimekauka.

Jumapili napanda Amani kwa pikipiki ya mkopo,
kumtafuta asiyetaka kitu kwangu.

Ni kandege. Rangi ya jivu la jana,
mdomo mrefu, mkia usiotulia.
Wataalamu wamempa jina refu kuliko mwili wake.
Nakijwa, mchuma chai, humwita tu "yule wa kwenye mvurugano",
maana hukaa ndani ya mitambaazi iliyosokotana
kama nywele za mtoto aliyelala bila kusukwa,
na hutoka pale tu unapopiga chafya.

Masika matatu.
Nina picha elfu na mia mbili za majani matupu,
na kila jani naweza kuliapia: hapa alikuwepo.
Nimekula mihogo ya baridi juu ya jiwe,
siafu wamepanda buti wakanitoza ushuru,
nimejifunza hata kukojoa kimya.
Wengine nimewapata, sikatai:
chozi akining'inia kichwa chini kwenye ua la mgomba,
hondohondo wawili, mabawa yakivuma
kama watu wanaokung'uta mikeka,
kurumbiza wa manjano aliyekaa wazi kabisa, akanidharau.
Mwanakombo akinifungulia mlango huuliza, "Umempata?"
Nami hujibu kama mdaiwa: wiki ijayo.

Utotoni, kwetu Magoroto, nilikuwa na ulimbo.
Utomvu wa mfenesi, umezungushwa kijitini.
Kitendawili? Tega.
Mimi nilitega kwelikweli.
Chiriku akanasa, bawa moja likipiga, jingine limeganda,
moyo wake ukadunda kiganjani mwangu
upesi kuliko hesabu niliyojua.
Nilimla. Hakujaza hata kijiko.
Sijui kama ndilo deni ninalolipa Jumapili.
Pengine napenda tu kuamka alfajiri.

Mwezi uliopita, basi, ukungu ulishuka hadi magotini.
Kidole kwenye kitufe,
lenzi imeelekezwa kule, hatua ishirini, kwenye mvurugano.
Akaja huku.
Akatua juu ya mguu wa stendi ya kamera,
umbali wa kijiko na mdomo.

Lenzi yangu ni ya mbali. Cha karibu haikioni;
chini ya mita tatu dunia yote ni uji.
Nirudi nyuma? Angeruka.
Nikabaki. Inua kidevu, nikajiambia. Usicheke.
Yeye ndiye aliyenitazama,
jicho la kushoto kwanza, kisha la kulia,
kama karani anayelinganisha uso na kitambulisho.
Niliona koo likitetemeka kabla ya sauti kutoka.
Niliona uzi wa buibui umenasa ukuchani.
Kisha hakuwepo,
na stendi haikutikisika, uzito wake haukufika huko.

Getini mlinzi alifunua daftari. "Leo umepiga?"
Nikamwambia, leo nimepigwa.
Akacheka, akaandika kitu, sikusoma.

Nilibonyeza lakini, kwa ukaidi tu. Picha ipo:
ukungu, na ndani ya ukungu doa zito zaidi.
Nimeikata nne nne, nikaibandika dirishani
kati ya bwana harusi na mwanafunzi wa ufundi bomba.
Wateja huuliza, huyu nani?
Juzi mama mmoja aliitazama sana, akanionea huruma:
hii imeharibika, fundi, rudisha hela ya watu.
Nikamjibu mwenyewe hajaja kudai.