Juzuu ya Arobaini na Moja

Juzuu ya arobaini na moja haipo.
Najua haipo,
lakini kila mara napanda ngazi ya mbao
na kuingiza mkono penye pengo
kama mtu anayepapasa kwa ulimi jino lililong'oka.

Mchwa walianza na jalada,
wakaendelea na magonjwa ya mpunga,
wakamalizia na shukrani za waandishi.
Mwaka uleule fungu la majarida likakatwa.
Barua ya kulikata ilikuwa na mihuri mitatu.

Hapa Jorhat maji hayabishi hodi.
Rafu za chini zimevaa mstari wa mafuriko,
rangi ya chai iliyolala.

Jana alikuja Lakhinath, mkulima wa ng'ambo ya mto,
na jani la mpunga ndani ya bahasha ya mwaliko wa harusi.
Lina madoa mfano wa macho,
kijivu kati, kahawia kopeni.
Hakuomba kitabu. Aliuliza tu:
"Dada, hii mmeshaiandika?"

Mmeshaiandika.
Swali likanikaa kooni mchana kutwa.
Maana imeandikwa, naam, kurasa sita,
na watu wa nchi hiihii, kwa kodi ya nchi hiihii,
kisha ikafungiwa nyuma ya mlango
unaodai dola thelathini na tisa
kwa siku moja ya kusoma.

Zamani ningejaza kadi ya manjano, nakala tatu,
kaboni ya buluu vidoleni hadi chakula cha jioni,
halafu ningengoja,
mpunga uvunwe, uliwe, usahaulike.

Sasa tuna orodha moja.
Maktaba za vyuo vya kilimo, themanini na kitu,
tumekubali kufunguliana makabati:
hiki ninacho, kile sina, hicho changu kimeliwa.
Haya ya kukiri pengo ndiyo iliyokula miaka kumi.
Waya wenyewe ulivutwa kwa wiki mbili.

Nikaandika ombi. Umeme ukakatika.
Nikaandika tena. Kiduara kikazunguka, kikazunguka
kama ng'ombe wa kupuria.
Kwenye nafasi ya *sababu ya ombi*
wenzangu huandika: utafiti.
Mimi niliandika: mtu amesimama mlangoni na jani.

Saa nne na dakika kumi usiku zikafika.
Kurasa sita kutoka Coimbatore,
pembe ile nyingine kabisa ya nchi,
wanakolima mpunga kwa lugha nisiyoijua hata salamu.
Zimepigwa kwa haraka, zimeinama kidogo,
na ukurasa wa nne, kando ya jedwali la pili,
kuna kidole gumba.

Kucha fupi. Kovu. Wino kidogo wa muhuri.
Kimeukandamiza ukurasa usijikunje.
Mashine haikukifuta,
nami nisingethubutu.

Asubuhi nilimfasiria Lakhinath mstari kwa mstari:
punguza yurea,
mbegu za shamba hili usizirudishe ardhini,
maji yasikauke halafu yakajaa halafu yakakauka.
Alisikiliza kama anayehesabiwa deni.
Kisha akakigusa kile kidole kwa chake:
"Huyu ndiye daktari?"

Hapana.
Huyu alipanda ngazi.

Leo kuna ombi la Palampur, huko milimani:
makala ya zamani kuhusu magonjwa ya chai,
juzuu ambayo, wanasema, wao imewaozea.
Sisi tunayo. Rafu ya chini.
Nimeipuliza vumbi, nimeilaza kwenye kioo,
karatasi imekakamaa, inataka kujifunga
kama konokono.
Mstari wa mafuriko unapita katikati ya grafu;
nimeandika pembeni kwa penseli ni upi mstari wa mvua ya mtafiti
na ni upi wa mvua yetu.

Bonyeza, inasema mashine.
Mkono wangu wa kushoto bado uko juu ya ukurasa.
Ningeweza kuuondoa.