Kwa Muda Tu

Sib, saa saba za usiku. Meza ya jikoni kwa mama,
kahawa imepoa, friji inanguruma peke yake.
Kule Ibra, kilomita mia na hamsini,
picha ya mapafu ya Bi Thuwaiba
imekataa kutoka zahanati.
"Inazunguka," kasema nesi Raiya kwenye simu,
"inazunguka weee, kisha inazimia."

Kabla sijagusa kitu natega dakika tano:
nikikosea, ruta irudie kanuni za jana.
Adabu hii niliinunua.
Mwaka juzi nilijifungia nje kwa nukta moja,
nikaendesha gari hadi Ibra, kandambili miguuni,
kwenda kubonyeza kitufe.

Nasoma orodha, juu kushuka chini.
Mlinzi wa ruta hasomi kama sisi:
akikuta mstari unaomtaja mgeni
hapo hapo anaamua, ya chini hayajui.

Kanuni ya kumi na moja, *ruhusu*,
nimeiandika jioni hii, nikaisifu.
Hesabu yake: sufuri.
Hakuna pakiti hata moja iliyowahi kuifikia.

Mashine nazo zina ustaarabu wao:
hodi,
karibu,
starehe,
ndipo mzigo ushushwe.
Natega sikio kwenye waya.
Hodi.
Hodi.
Sekunde zinapita. Hodi.
Hakuna asemaye karibu, wala asemaye hatutaki.
Kukataliwa kungekuwa jawabu. Huku ni kutupwa,
na anayetupwa hajui; anangoja.

Napanda. Kanuni ya saba: *tupa*.
Hesabu yake inanenepa mbele ya macho yangu,
mia nne na tatu, mia nne na tisa,
na pembeni maelezo, ya miaka mitatu nyuma:
"kwa muda tu. Mundhir."

Mundhir ni mimi.

Mama kaamka kutafuta maji,
kaegemea lile sanduku la njumu la bibi
ambalo tangu Unguja halijatolewa vitu vyote,
maana huku, walisema, tumekuja kwa muda.
"Hujalala?"
"Kuna mlango niliusahau, mama."

Naifuta ya saba.
Hodi. Karibu. Starehe.
Ubavu baada ya ubavu, Bi Thuwaiba anapita.

Zimebaki sekunde arobaini. Nautegua mtego, nahifadhi.
Kwenye nafasi ya maelezo siandiki neno.
Naweka tarehe.