Lita za Siku Tatu

Kompyuta yetu pale Ntokela ni ndogo,
unaweza kuificha nyuma ya sabuni ya mche.
Inakaa kwenye rafu, juu ya mizani,
na kila alfajiri ndoo zikipanda
huandika jina, lita, saa.
Haina kioo. Ina taa moja ya kijani
inayopepesa kama mtu anayehesabu kimoyomoyo.

Jumanne taa iliganda.
Nikazima, nikawasha. Nikazima, nikawasha.
"Acha!" Gwakisa akasema kwenye simu,
"kila ukiwasha unaichimbia kaburi.
Chomoa kadi. Njoo nayo."

Kadi ya kumbukumbu, ndogo kuliko ukucha,
nikaifunga kwenye karatasi ya risiti,
nikaitia ndani ya kiberiti,
nikapanda Isyonje na ukungu, nikateremka Uyole,
hadi Mwanjelwa,
nimebeba ng'ombe mia na arobaini
kwenye mfuko wa koti.

Gwakisa hakuwa na pupa.
Aliipuliza, akaichomeka, akaiamuru mashine yake:
soma tu, usiandike hata nukta.
"Anayekata roho humtumi barua," akasema.
"Unamsikiliza."
Akachukua kwanza palipo laini.
Palipokwama akaruka, akaacha alama,
kisha akarudi kinyumenyume, toka mwisho,
kama unavyomwendea ndama aliyeshtuka,
kwa upande asioutazama.
Themanini kwa mia. Themanini na saba.
Mvua ikaanza kupiga mabati;
mama wa viazi akahamishia sado zake
mlangoni petu bila kuomba.
Tisini.
Hapo namba ikasimama mpaka saa mbili usiku.

"Hizo kumi?"
"Hizo zimekwenda. Nunua kadi mpya.
Na daftari."

Zilikuwa siku tatu, tarehe kumi na moja hadi kumi na tatu.
Hati ya gari la maziwa ilikuwepo:
lita elfu mbili mia sita na nne.
Za nani ngapi, haikusema.

Jumamosi nikawaita wafugaji,
kila mmoja ataje zake kutoka kichwani.
Ambakisye alitaja haraka, kama aliyekariri.
Subilaga akahesabu kwa vidole, akarudia, akaongeza.
Mzee Mwakibinga akaapa kwamba wiki ile
ng'ombe wake alijaza mpaka sufuria ya ugali.
Nikajumlisha.
Elfu mbili mia tisa na kumi.
Lita mia tatu na sita
zilikuwa zimekamuliwa asubuhi ileile
ndani ya vichwa vya watu.

Sikumwita mtu mwongo.
Kadi ikichoka hupunguza.
Sisi tukichoka, nadhani, huongeza.

Wa mwisho alikuwa Tusekile, wa ng'ombe mmoja,
kitenge chake kimelowa mabegani.
"Andika sifuri," akasema.
"Zote tatu?"
"Alidungwa sindano ya kiwele.
Maziwa ya dawa hayauzwi. Niliyamwaga kwenye migomba."
Akatazama mizani, siyo mimi.
"Hakuna aliyeniona. Andika tu."

Mtu alikohoa.
Subilaga akasema ile ya tarehe kumi na mbili,
sijui, labda nitoe nne.
Ambakisye akatoa tisa, akatazama dirishani.
Mzee Mwakibinga akauliza kama sufuria ni lita ngapi hasa,
watu wakacheka, naye akatoa kumi na tano.
Kalamu yangu ikashuka, ikashuka,
mpaka mchana ukaingia na chai ikapoa.

Lita nane ziligoma kushuka.
Kwenye safu ya jina nikaandika: hajulikani.
Ushirika ukazibeba.

Sasa taa inapepesa tena.
Kadi ya zamani iko droo, ndani ya kiberiti chake;
juzi mlinzi nusura awashie nayo sigara.
Daftari liko kando ya mizani, limefungwa kwa kamba,
ukurasa wa kwanza umeanza kuchafuka kwa vidole vya maziwa,
na mstari wa juu kabisa, kwa mwandiko wangu:
Tusekile, tarehe kumi na moja, sifuri.