Kifutio

Saa nane na robo redio inakohoa, kisha inataja namba,
na Teodulo anaacha kichwa cha mtoto kikiwa nusu:
upande mmoja umenyolewa, upande wa pili kichaka.
Anafuta mkono kwenye aproni. Anachukua penseli.

Ramani ya bahari imebandikwa kando ya kioo.
Ilikuwapo siku niliyonyolewa hapa mara ya kwanza,
nimeketi juu ya ubao uliolazwa kwenye mikono ya kiti
ili shingo yangu ifikie wembe.
Kisiwa chetu, Catanduanes, hukisomi tena.
Karatasi imekonda mahali pale.
Miaka thelathini ya kuchora tufani ikitulenga,
na kuifuta, na kuichora,
kifutio kimeweza lile lililoushinda kila upepo:
kimetutoa duniani.
Ukiinua ramani juani, mwanga unapenya tulipo.

Nukta ya leo imekaa mashariki, shubiri moja kutoka kwetu.
Tunaitazama kama unavyomtazama mtu usiyemjua
anayepita mtaani polepole
akisoma namba za milango.

"Itapinda," asema Crisanto mwoka mikate,
unga ungali kwenye nyusi zake.
"Mawingu ya jana yalikuwa na mikia. Itapanda kaskazini."
Anaweka dau mikate kumi na miwili.
"Itashuka," asema Leonila. "Goti langu la kushoto limenyamaza.
Mwaka ule liliniuma siku mbili kabla."
Mwaka upi, hakuna anayeuliza.
Ile iliyoahidi kwenda Japani
ikageuka usiku, ikala chakula cha jioni kwetu,
ikaondoka na paa la shule na kengele yake,
na migomba ya abaka, isiyozaa ndizi bali kamba,
ikaiacha imelala mlimani
kama nywele hizi sakafuni.

Kaskazini, Casiguran, ana nyumba dada yangu Rosenda.
Kusini, Borongan, binti ya Teodulo ni mjamzito wa miezi minane.
Na katikati ya bahari tupu,
tunakosema sote "afadhali iende huko, hakuna mtu,"
mwana wa Crisanto yumo tumboni mwa meli ya magogo,
anapaka injini mafuta.

Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake.
Ngoma hii hapana.
Hii kila mmoja anaisukumia ngozi kwa mwenzake,
kwa adabu, kwa ncha ya kidole,
akisema, "Mimi naona kama itapita hapa."

Nami, kwa kuwa leo ni siku ya kunyolewa
na uongo haukai vizuri mbele ya kioo,
niseme: jana usiku niliomba ipande.
Kidogo tu, nilisema.
Nikapima kwa ukucha kwenye ramani ya kalenda.
Ukucha wangu ni kilomita themanini.
Ndani ya ukucha ule kuna jiko la Rosenda,
kuku wake wenye majina,
cherehani ya mama tuliyoigombania hadi tukanuniana mwaka mzima.
Nilijua. Nikaomba hivyo hivyo.
Kisha nikampigia simu kumuuliza hali,
sauti yangu tamu kama ya mdeni.

Teodulo ameinua penseli, hajaigusisha karatasi.
"Haya, niivutie wapi?"
Hakuna anayejibu. Crisanto anakuna unga.
Leonila analishika goti lake kama anayemziba mtoto mdomo.

Redio inarudi: masahihisho.
Haijasogea tangu alfajiri. Imesimama,
inazunguka palepale juu ya maji yenye joto,
kama mtu aliyeingia chumbani
akasahau alichokifuata.

"Mjomba," asema mtoto kutoka kitini,
"na upande huu?"

Teodulo anaiweka penseli nyuma ya sikio,
anapuliza nywele kutoka kwenye mkasi,
anaanza upande wa pili, taratibu mno,
nasi tunahesabu kila kishungi kinachoanguka
na kuangalia kinaangukia wapi.