Ubavu wa Kulia

Picha ilikuwa moja, na ubavu mmoja tu.
Datsun mbili-arobaini, matope hadi kiooni,
nambari ya mlangoni imeliwa nusu,
na mtu kaketi juu ya boneti, anamenya ndizi.
"Huyo ni baba," akasema Nizar, akaiweka
kwenye meza ya vaisi, kati ya msumeno na kikombe changu cha kahawa.
"Nataka matao kama hayo juu ya magurudumu. Ya chuma.
Faiba sitaki. Faiba ni meno ya kubandika."

Hapa Shimanzi, nyuma ya maghala,
upepo huja na chumvi na vumbi la saruji,
na kila cha chuma huanza kufa siku ya kuzaliwa.
Babangu ananyosha mabodi mwaka wa thelathini na nane.
Sikio la kulia lilimtoka mwanzo, la kushoto likafuata
polepole, kama mtu anayefunga duka.
Siku hizi hulisikiliza bamba kwa kiganja.
Mimi hupokea simu, hubishana bei, huchomelea.

Bamba tulilitoa paani mwa Pijo ya marehemu Daktari Pinto,
chuma cha siku zile, chenye haya:
ukikipiga hakipasuki, hujikunja kidogo kidogo.
Nikakata kielelezo kwa katoni ya majani ya chai,
baba akalilaza bamba juu ya mfuko wa ngozi uliojaa mchanga,
akaanza.
Ngo. Ngo. Kimya. Kiganja.
Ngo.

Palipotanuka kupita kiasi nikapasha moto
mpaka pakaiva rangi ya zambarau,
kisha kitambaa cha maji, kisha nyundo, kisha kiganja tena.
Nikachomelea nukta moja huku, nyingine kule,
maana ukiufululiza moto bamba huvimba
kama mkate wa mofa, nawe umepoteza wiki.

Siku tisa, na kushoto kukasimama:
tao limetuna, mdomo wake umekunjwa kwa ndani,
nikilipitisha kucha halikwami.

Haya. Na kulia?
Nikaigeuza picha. Nyuma mna tarehe iliyofifia
na deni la petroli, shilingi arobaini na mbili.
Nikampigia Nizar. "Nilikuwa wa miaka sita," akasema.
"Nakumbuka harufu ya matairi, basi."

Tukaipindua katoni. Haikukaa.
Tukakwangua rangi, tabaka la bluu, la maziwa, la bluu nyingine,
halafu pati nene kama ugali wa jana,
na chini yake, alama za nyundo.
Gari liliwahi kugonga kitu, mtu akalinyosha,
mtu ambaye hakuandikwa popote.
Baba akafumba macho, akazipapasa moja moja.
"Alitumia mkono wa kushoto," akasema.
Akaendelea. "Tena alikuwa na haraka."
Kisha akaichukua nyundo kwa mkono wake wa kushoto,
jambo sijaliona tangu nizaliwe,
akapiga vibaya, akacheka, akapiga tena.

Tao la kulia likatoka pana kwa unene wa kidole.
Nilipima mara tatu. Nikamwandikia kwa chaki sakafuni: *1 cm*.
Akaifuta kwa soli ya kiatu.
"Mwanakheri, hapana jito lionalo mbavu mbili kwa mpigo."

Zile alama sikuzisaga.
Nilizipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, kwa ndani,
brashi nyembamba, mikono miwili.

Nizar alikuja Ijumaa baada ya swala, picha mkononi.
Akasimama kushoto. Akainua picha, akaishusha, akaiinua.
Akaweka kiganja juu ya tao, akakiacha pale
mpaka jua la bati likamchoma.
Akalipa. Akasahau kuomba risiti.
Kulia hakufika.

Nikahamia mimi huko na kikombe changu,
nikakaa juu ya ndoo ya grisi,
nikautazama ule unene wa kidole
mpaka kahawa ikapoa.