Kule

Kwetu Kasese mtoto wa kiume wa nne huitwa Kule.
Hatukulichagua jina, tulihesabu tu.
Kiswahili nilikiokota mpakani Mpondwe
nikiuza chumvi ya Katwe kwa watu wa ng'ambo,
na siku moja mama mmoja wa Beni akacheka:
"Mwanao umemwita mbali?"
Nikacheka nami. Chumvi ilikuwa inanunuliwa.

Baba yake hurudi kutoka kiwanda cha saruji
na kope za mzee.
Kabla hajanawa: "Wa ngapi?"
"Wa kumi na tisa."
"Kati ya wangapi?"
Basi. Hayo ndiyo mazungumzo ya muhula mzima.

Na mimi? Mimi midomo yangu i kwenye noti,
elfu kumi na nne, kumi na tano,
subiri mwanangu nisipoteze hesabu,
na neno alilolileta likarudi tumboni
likalala huko na ugali wa muhogo.

Tulimlisha. Karo tulilipa kabla hatujadaiwa.
Fimbo haikuvunjikia mgongoni mwake,
tukajisifu kwa majirani.
Sikujua nyumba huweza kushiba
na mtu akafa njaa palepale jamvini.

Alipotimiza kumi na mitano aliacha kupiga mluzi.
Hilo tu. Ripoti ya shule haina safu ya mluzi.
Akaanza kulala na viatu.
Nikiita uani, "Kule!",
kweli yuko kule.
Nikimuuliza una nini, "Niko sawa, mama,"
sauti ya mlango unaofungwa na mtu mwenye adabu.

Juzi umeme ulikatika.
Baba mtu akaingia na vumbi lake lote,
akaketi kizingitini ubavuni mwa mwanawe
asiulize.
Mbwa wa Masika akabweka, akachoka.
Nikadhani mume wangu amesinzia.
Kisha nikamsikia, kwa sauti nisiyoijua,
kama anayeomba mkopo:
"Ule mluzi wako wa asubuhi…
ulikuwa unaupigaje?"

Mtoto hakupiga. Simdanganyi mtu.
Alitazama upande wa milima, isiyoonekana gizani,
akameza mate.
Mimi ndani, noti zimenitoka vidoleni,
sitini elfu au sabini, sikurudia kuhesabu,
nilikuwa nachungulia miguu yake.

Akavua kiatu kimoja.
Cha pili bado.