Tundu la Sindano

Mlangoni wameandika TIBA KWA VITENDO,
herufi ya mwisho imebanduka.
Zamani paliandikwa TIBA KAZI,
na baba mmoja wa Buhongwa akaja na bahasha ya vyeti vya mwanawe,
akakaa kwenye foleni tangu saa moja.
Sikucheka. Nilimweleza taratibu,
naye aliponitazama sawasawa
akaikunja bahasha, akatoka kinyumenyume.

Kikao cha asubuhi tuko ishirini na sita.
Wa fani yangu ni mimi.
Wa rangi yangu, mimi tena.
Daktari mkuu akiuliza, "Watu wa vitendo mnasemaje?"
nasimama peke yangu, najibu,
"Sisi tunasema..."

Hukaa nimelipa dirisha mgongo.
Ziwa linamulika kama bati jipya,
na macho yangu hayatulii, yanacheza;
wasionijua hudhani nawadharau.
Faili nalisoma puani.
Kofia, mafuta ya jua, koti la mikono mirefu:
hivi navyo ni vitendo, na sikuvisomea chuoni.
Ni mama, kule Ukara,
aliyenishonea mashati ya mikono iliyopita vidole
miaka ile mkono kama huu ulipokuwa na bei.

Nkwimba Lushinge, fundi cherehani, Mlango Mmoja.
Kiharusi kilimwachia ulimi, kikachukua kuume.
Siku ya kwanza aliuvuta mkono wake mzima
akauficha ndani ya khanga.
Ule mgonjwa ulibaki mezani,
haukuweza kukimbia.
"Hakuna mwingine?"
"Hapa hakuna, mama."
Akatazama ukutani. "Haya."

Wiki tatu za maharage,
bakuli hili kwenda bakuli lile.
Wiki mbili za vifungo.
Kijiko nikakizungushia kipande cha ndala kinenepe, kishikike.
Alihesabu kwa Kisukuma, chini chini,
imo, ibili, idatu,
harage la nne linaruka chini ya kabati
na yeye analitukana kama mdeni wake.
Hakunisifu. Hakunisema.
Siku moja tu aliuliza kama jua linaniuma,
na kabla sijajibu akaanza kusimulia bei ya zipu.

Jana alikuja na sindano yake, imechomekwa kolani.
"Vya watoto basi," akasema. "Nipe kazi."
Akashindwa kuishika.
Nikaishika mimi, nikashindwa kuliona tundu.
Tukakaa hivyo, mafundi wawili,
sindano moja, uzi wa kijani.
"Juu," akasema. "Juu kidogo. We mtoto, huko ni Bukoba! Rudi."
Vidole vyake vibovu vikalala juu ya vyangu
kunisukuma ninakotakiwa kwenda.
Mara ya sita, au ya tisa, uzi ukaingia.

Kwenye fomu kuna mstari: Mgonjwa ameweza nini bila msaada?
Nimeuacha wazi.

Halafu tukakumbuka kwamba kitambaa hatuna.
Akaangaza chumba kizima, mashuka, pazia,
kisha akanivuta mkono,
akageuza upindo wa koti langu pale ulipoachia,
akashona, ulimi nje, jasho juu ya mdomo,
nami sikuuondoa mkono.
Mshono umekwenda upande kama njia ya mbuzi,
kijani juu ya nyeupe.
Muuguzi kaniambia niufumue, unachekesha.

Sijaufumua.